Kabla ya kulaani giza, ulizia transfoma yenu

Stima inapopotea nchi nzima, sote hugeuka wataalamu. Agosti 25, 2023, Kenya ilipozama gizani na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakosa mwanga, kila aliyekuwa na chaji kwenye simu alikuwa na maoni. Ikaja Novemba 11 mwaka huohuo, kisha Desemba 10. Mwaka uliofuata tukapata Mei 2 na Septemba 6. Kila mara wakubwa walitoa taarifa, memu zikasambaa, taa zikarudi, tukanyamaza.

Sasa hebu tuulizane. Wewe unayeishi Kabiria, au Satellite, au Riruta, au Waithaka, kati ya saa zote ulizokaa gizani mwaka uliopita, ni ngapi zilitokana na giza hilo la nchi nzima? Pengine chache sana. Zilizobaki ni za mtaa: stima imepotea kuanzia stejini hadi kanisani, ng'ambo ya barabara wana taa, na mtu kwenye grupu la WhatsApp anauliza, "Ni kwangu tu ama?" Giza la aina hiyo haliingii kwenye taarifa ya saa moja jioni. Hakuna waziri anayeitwa bungeni kwa sababu ya transfoma moja. Lakini ndilo linalokula mfuko wako.

Kinyozi wa chini ya ghorofa anafunga mlango mapema. Fundi wa kuchomelea mageti anakaa kwa stuli akingoja, huku mteja aliyelipa nusu akimpigia simu kila saa. Dada wa saluni ana mteja aliyetiwa dawa kichwani na drai haiwaki. Kijana wa kazi za mtandaoni amebakisha saa mbili awasilishe kazi, na aliyempa kazi hiyo yuko ng'ambo, hajui Kabiria ni wapi wala hajali. Hakuna kati yao anayelipwa kwa saa alizokaa bure, na kodi ya duka haipungui eti kwa sababu stima haikuwepo.

Msimamo wetu ni kwamba tumekuwa tukielekeza hasira mahali pasipofaa. Ni kweli nchi inahitaji kuzalisha umeme zaidi, maana matumizi ya jioni yanapanda kila mwaka. Lakini giza la kila wiki la mtaani halianzii Olkaria wala kwenye mabwawa ya Mto Tana. Liko kwenye kilomita chache za mwisho, na hasa kwenye ile transfoma iliyo juu ya nguzo karibu na kwenu. Hadi wakazi waanze kudai rekodi ya transfoma hiyo moja, tutaendelea kupewa wastani wa nchi nzima na kuambiwa mambo yanaboreka.

Stima inakufikiaje?

KenGen na kampuni nyingine huzalisha umeme. Ketraco, iliyoundwa 2008, hujenga laini kubwa zinazovuka kaunti. Kenya Power ndiyo inayogawa. Inaushusha nguvu kwenye vituo vyake, kisha inaupitisha mitaani kwa laini ambazo kwa kawaida ni za kilovolti 11. Laini moja ya aina hiyo inaweza kupita mitaa kadhaa, ikihudumia maelfu ya wateja. Njiani kuna transfoma, na kila transfoma huushusha tena hadi volti 240 zinazotoka kwenye soketi yako.

Fikiria mti. Shina ni laini kubwa, matawi ni laini za mtaa, vijiti ni nyaya zinazoingia kwenye ploti. Shina likianguka, nchi nzima inajua. Kijiti kikivunjika, ni majani yake tu yanayonyauka, na hakuna anayekuja mbio.

Mtandao wa kisasa hutofautiana na mti huo kwa jambo moja muhimu: matawi yake yameshikana nchani. Laini ikikatika upande huu, swichi inafunguliwa na stima inaingia kutoka upande wa pili, huku kipande kilichoharibika kikitengwa peke yake. Badala ya mtaa mzima kulala gizani, wanalala gizani walio kwenye kipande hicho tu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuulizia: laini yetu ina njia ya pili, ama ikikatika basi?

Dalili unazozijua

Mtaa husema na wewe kabla haujazimika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetufundisha kusikiliza.

Dalili ya kwanza: taa zinacheza mara mbili au tatu, kisha giza. Si mzimu. Kwenye laini nyingi kuna swichi inayojirudisha yenyewe. Tawi likigusa waya, swichi inakata, inangoja kidogo, inajaribu tena. Tawi likiwa limeanguka, stima inarudi na hutajua kulitokea nini. Likiwa bado limelalia waya, swichi inajaribu mara chache, inachoka, inajifunga. Kwa hivyo ukiona mchezo huo kila upepo unapovuma, jua kuna mti mahali fulani kwenye laini yenu unaohitaji kupogolewa. Panga ni rahisi kuliko transfoma mpya.

Dalili ya pili: nyumba yako haina stima lakini ya jirani inayo. Transfoma ya mtaa hutoa waya tatu za stima, na kila moja huitwa fezi. Nyumba hugawanywa kwenye fezi hizo. Fezi moja ikibebeshwa mzigo mkubwa, fyuzi yake inakatika na theluthi moja ya mtaa inalala gizani. Hapo ndipo anapotokea yule fundi wa usiku. Kwa pesa kidogo anapanda nguzo na kukuhamishia kwenye fezi iliyo na stima. Wewe unapata taa, unalala. Lakini fezi uliyohamia sasa inabeba mzigo wake na wako. Kesho inakatika hiyo. Fundi anaitwa tena. Mtaa unazunguka hivyo hadi transfoma yenyewe inaungua, na hapo hakuna fezi ya kuhamia.

Dalili ya tatu, ambayo ni hatari kabisa: taa zinakuwa kali ghafla, balbu zinapasuka, TV inatoa moshi. Mara nyingi waya unaoitwa nyutro umekatika au umeibwa. Waya huo ndio unaoshikilia soketi yako kwenye volti 240. Ukiondoka, volti zinaweza kupanda kuelekea 415, na vitu vyako havikuundwa kuzihimili. Ukiona taa zimekuwa kali hivyo, usisubiri kuelewa. Zima swichi kuu kisha ndiyo upige simu.

Dalili ya nne: stima inarudi, inakaa dakika tatu, inapotea tena. Fikiria mtaa mzima ulioacha pasi, hita, friji na pampu za maji zikiwa zimewashwa. Stima inaporudi, vyote vinavuta kwa wakati mmoja. Laini haiwezi. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: stima ikipotea, chomoa vitu vizito. Ikirudi, washa taa kwanza, ngoja, kisha washa vingine kimoja kimoja.

Hesabu ya asubuhi

Sasa tuje kwa transfoma yenyewe. Miaka iliyopita, sehemu nyingi za Dagoretti zilikuwa mashamba na nyumba za mabati. Leo, pale palipokuwa na nyumba moja ya familia pana ghorofa la keja kadhaa, na la jirani yake linajengwa. Maji yana shida, barabara ina shida, lakini ghorofa haliachi kupanda.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Transfoma moja ya mtaani yaweza kuwa ya kVA 315. Tuseme inabeba keja 200 kwenye maghorofa machache. Bafu la stima la kuchemsha maji papo hapo huvuta takriban kilowati 5. Saa kumi na mbili asubuhi, watu 60 kati ya hao 200 wakiingia bafuni kwa pamoja, hizo ni kilowati 300. Transfoma imefika ukingoni kabla hujawasha birika la chai, kabla mtu wa chini hajawasha mashine ya kuchomelea, na kabla ya wale wasiohesabika, ambao tutawafikia sasa hivi.

Transfoma haifi siku hiyo. Inapata joto. Kesho inapata joto tena. Mafuta yaliyo ndani yake, ambayo kazi yake ni kuipoza na kuzuia stima isiruke, yanachakaa polepole. Kisha jioni moja unasikia mlipuko, unaona cheche, na watoto wanapiga mayowe. Majirani wanasema, "Transfoma imelipuka ghafla." Haikulipuka ghafla. Ilikuwa ikiungua kwa miaka, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Swali ni nani alipaswa kuhesabu. Mwenye ghorofa aliomba mita. Kampuni ikaweka mita. Kaunti ikaidhinisha ramani ya jengo. Kila mmoja alitia sahihi yake kwenye karatasi yake. Je, kuna aliyejumlisha?

Wasiohesabika

Hapa lazima tuambiane ukweli, hata kama utauma. Zaidi ya asilimia 20 ya stima ambayo Kenya Power hununua haimfikii mteja anayelipa. Sehemu hupotea njiani kama joto kwenye nyaya na transfoma, jambo ambalo haliwezi kuepukika kabisa. Sehemu nyingine huibwa. Stima ya kuibwa haimo kwenye hesabu ya mzigo, kwa hivyo transfoma iliyopangwa kwa wateja 200 inabeba 260 na karatasi zinaonyesha 200.

Unajua inavyofanyika. Kuna mtu mtaani anayelipwa kila mwezi, bei moja, utumie kiasi unachotaka. Hakuna mita, hakuna tokeni. Nyaya zinapita juu ya mabati na wakati mwingine chini ya ardhi, zikiwa zimefungwa kwa karatasi za nailoni. Mvua inanyesha, mtoto anakanyaga dimbwi. Mitaa ya Nairobi imezika watu kwa sababu ya nyaya hizo, na moto uliotokana nazo umeteketeza nyumba za watu ambao hata hawakuwa wameunganishwa.

Si haki kumtupia lawama yote mpangaji. Wengi waliikuta stima hiyo kwenye nyumba na wakaambiwa imo ndani ya kodi. Mwenye ploti ndiye aliyeamua kutoomba mita. Anayechukua pesa za kila mwezi ndiye anayefaidi. Wewe unalipa, lakini huna risiti, huna pa kulalamikia, na moto ukizuka huna cha kudai. Unapokodi keja, uliza swali moja kabla ya kutoa amana: mita yangu iko wapi na nambari yake ni ipi? Ukijibiwa "usijali", anza kujali.

Kisha kuna wanaoiba mtandao wenyewe. Kwa miaka mingi Kenya imesikia visa vya mafuta ya transfoma kufyonzwa usiku na kuuzwa kwa wakaangaji wa chipsi, kwa sababu hayaishi haraka kwenye karai. Mafuta hayo si chakula, na yakiisha transfoma inaungua. Januari 2022, nguzo kubwa za laini ya Kiambere hadi Embakasi ziliporomoka na nchi ikapoteza stima. Uchunguzi ulionyesha vyuma vyake vilikuwa vimeng'olewa. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu mwezi huohuo, na marufuku hiyo ikaondolewa miezi michache baadaye. Amri ya miezi michache haiwezi kulinda transfoma iliyo mtaani usiku kucha. Anayeweza kuilinda ni mwenye duka aliye mkabala nayo, ikiwa anaiona kuwa yake.

Upande wa kampuni

Tukishajisema, tuna haki ya kusema na Kenya Power. Kampuni hii si ya hali mbaya kama zamani. Katika mwaka wa fedha ulioisha Juni 2023 ilipata hasara ya zaidi ya Sh3 bilioni. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya zaidi ya Sh30 bilioni baada ya kodi, na ule ulioisha Juni 2025 ikapata zaidi ya Sh24 bilioni. Serikali inamiliki asilimia 50.1 ya hisa zake. Kwa hiyo wewe ni mteja wake, na kupitia serikali yako ni mmoja wa wenyewe. Kampuni inayopata faida hiyo inaweza kuulizwa, bila matusi, ni shilingi ngapi zinarudi kwenye transfoma za mtaani.

Tatizo kubwa ni jinsi kutegemeka kunavyopimwa. Duniani kote kampuni za stima hutumia kipimo kinachoitwa SAIDI, yaani wastani wa muda ambao kila mteja amekaa gizani. Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha mwaka na mwaka. Lakini angalia kinavyoweza kukuficha. Chukua mfano wa wateja 1,000. Mia tisa hawakukosa stima hata dakika moja. Mia moja walikaa gizani saa 30. Wastani unatoka saa tatu kwa kila mteja. Ripoti itasema saa tatu, na ni kweli. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekaa gizani saa tatu. Kuna waliokaa sifuri, na kuna nyinyi.

Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi kukatika kwa dakika chache hakuhesabiwi kwenye kipimo hicho. Kwa kiwanda chenye jenereta si kitu. Kwa kijana aliye katikati ya usaili wa kazi kwa video, dakika mbili ni kazi imeenda.

Tunachodai ni takwimu za kila laini na kila transfoma, ziwekwe wazi kila mwezi. Zionyeshe stima ilipotea mara ngapi, kwa saa ngapi na kwa sababu gani, na transfoma hiyo inabeba mzigo kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake. Teknolojia ipo. Mita ndogo moja ikiwekwa kwenye transfoma inaweza kusoma mzigo na joto na kutuma ujumbe kabla haijaungua. Tena, ukijumlisha mita za ploti zote na kulinganisha na mita ya transfoma, tofauti itakuonyesha stima inaibwa wapi, bila kuvamia mtaa mzima na polisi.

Kuna mji uliofanya hivi ukafaulu. Chattanooga, jimboni Tennessee nchini Marekani, si jiji kubwa wala maarufu kama New York. Kampuni yake ya stima, EPB, ambayo ni mali ya umma, ilisambaza nyaya za faiba na kuweka swichi za kujiendesha zaidi ya elfu moja kwenye laini zake, ikisaidiwa na ruzuku ya serikali kuu. Dhoruba ikipita na mti ukaangukia laini, swichi zinazungumza zenyewe, zinatenga kipande kilichoharibika na kuwarudishia stima wengine kabla fundi hajawasha gari. Hatusemi Kabiria iwe Chattanooga kesho. Tunasema swichi chache kwenye laini inayokatika mara nyingi zaidi zina faida kuliko mabango ya kuomba radhi, na ili kujua laini hiyo ni ipi, unahitaji takwimu.

"Lakini..."

Kuna watakaosema dawa ni kuvunja ukiritimba. Sheria ya Kawi ya 2019 tayari inaruhusu kampuni nyingine kupewa leseni ya kugawa stima. Lakini jihadhari na kudhani kwamba kubadilisha jina kwenye bili kunabadilisha transfoma. Uganda iliipa kampuni ya Umeme mkataba wa miaka 20 kuanzia 2005. Mkataba ulipofika mwisho Machi 31, 2025, serikali ilirudisha kazi hiyo kwa kampuni yake, UEDCL. Huku kwetu wengine wanataka kutoka kwa umma kwenda kwa watu binafsi. Kule wametoka kwa watu binafsi kurudi kwa umma. Awe nani mwenye leseni, anayepima na kuonyesha ndiye atakayerekebisha.

Wengine watasema, "Mimi nitaweka sola na betri, niachane nao." Kama una uwezo, sawa. Lakini mpangaji wa keja moja hawezi kuweka sola kwenye paa lisilo lake. Wenye uwezo wakihama mmoja mmoja, gharama ya nguzo na nyaya inabaki kugawanywa na waliobaki, nao ndio wasio nacho. Kutegemeka kwa stima ni jambo la pamoja kama barabara.

Na kuna watakaosema hakuna pesa. Pesa tayari zinatoka. Zinatoka mfukoni mwa kinyozi anayenunua petroli ya jenereta, na kwa familia iliyomwaga maziwa na nyama. Zinatoka tu bila kuandikwa mahali popote.

Ufanye nini wiki hii

Kwanza, andika. Tengenezeni daftari moja la ploti au la grupu: tarehe, saa stima ilipopotea, saa iliporudi, na dalili mliyoiona. Miezi mitatu inatosha. Malalamiko ya hasira husahaulika, lakini orodha ya tarehe 27 ni vigumu kuipuuza.

Pili, ripoti kila mara na uchukue nambari ya ripoti. Kupiga *977# au simu ya 97771 hakuchukui muda kuliko kuandika tusi mtandaoni. Usidhani jirani ameshapiga. Yeye naye anadhani umeshapiga. Mkiwa 20 mlioripoti, kampuni inajua ni laini imekatika, si fyuzi ya mtu mmoja.

Tatu, soma ilani za kila wiki za Kenya Power za kukatiza stima kwa ajili ya matengenezo. Kukatiwa ukiwa umearifiwa ni sehemu ya mtandao kutunzwa, na unaweza kupanga kazi yako mapema. Kukatiwa bila ilani ni jambo la kuingizwa kwenye daftari.

Nne, na hapa ndipo penye nguvu zenu: andikeni barua. Katiba, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza jinsi ya kuziomba, na inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Msipojibiwa, mnaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Barua haihitaji wakili. Ina maswali manne: Transfoma yetu, nambari yake hii, ina uwezo gani? Inahudumia wateja wangapi? Iliacha kufanya kazi mara ngapi katika miezi 12 iliyopita? Imepangwa kuongezewa nguvu lini? Nambari huwa imeandikwa kwenye nguzo au kwenye transfoma yenyewe. Isome ukiwa chini, usipande.

Tano, jitokezeni bei zinapojadiliwa. Bei zilizoanza Aprili 1, 2023 zilipangwa kutumika hadi Juni 2026, na mamlaka ya kawi, EPRA, hutakiwa kusikiliza umma kabla ya kuidhinisha nyingine. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa wenye viwanda na wanasheria wao. Ni halali yao. Lakini mwenye saluni wa Kabiria naye ni mlipaji, na akisimama na daftari lake la miezi mitatu atasikilizwa. Katiba, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha, na fidia anapopata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Haki hiyo haijitokezi yenyewe bila ushahidi, na ushahidi ni lile daftari.

Mwisho, kataa fundi wa usiku. Tunajua ni vigumu ukiwa na kazi ya kuwasilisha na betri imebaki asilimia 6. Lakini kila anapopanda nguzo ile, anahamisha giza lako kwa jirani, na kesho jirani atalirudisha kwako likiwa limenona.

Kizazi hiki kimeonyesha kwamba kinaweza kusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu na kuwauliza wakubwa maswali ya maana. Transfoma ni ndogo kuliko mswada wa fedha. Ina namba moja, inabeba watu mnaowajua kwa majina, na majibu yake yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Anzeni na hiyo.